Kupe wa Kupe

Mtu asafiriye kutoka Kericho kwenda Bomet kwa njia ya Litein na Kaplong hupita kati ya mashamba ya chai yaliyosawazishwa kama zulia, kijani juu ya kijani, kilima baada ya kilima. Mgeni hudhani kuwa katika nchi iliyotunzwa namna hii hakuna adui. Mwenyeji hadanganyiki. Yeye ajua kuwa hapa na pale, katikati ya shamba lenye afya, kuna kipara: miti mitatu minne ya chai iliyogeuka manjano, ikanyauka, ikafa imesimama. Ukiung'oa mmoja na kubandua gome la mzizi wake utakuta utando mweupe wenye harufu ya uyoga. Huo ni mwili wa kuvu iitwayo Armillaria.

Kuvu hiyo haikuletwa na chai. Ilikuwako katika msitu kabla ya mkulima wa kwanza wa chai kushika jembe. Makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalipoanza kufungua mashamba makubwa ya Kericho katikati ya miaka ya 1920, miti ya msitu ilikatwa na mizizi yake ikabaki ardhini. Kuvu ikala mizizi hiyo, na ilipokwisha ikahamia mizizi ya chai. Wakulima wa chai wa Afrika ya Mashariki na ya Kati walijifunza, polepole na kwa hasara, hila moja nzuri: mti wa msitu usikatwe ukiwa mzima, bali uchubuliwe gome kuuzunguka shina na uachwe ufe umesimama, ili mizizi yake imalize akiba yote ya wanga, na kuvu ijapo ikute ghala tupu.

Hila ya pili ni ya siku za karibu. Mwaka 1994 J. M. Onsando na S. W. Waudo walichapisha habari za uchunguzi wao juu ya Armillaria ya chai ya Kenya na kuvu nyingine ndogo, Trichoderma. Hiyo ya pili chakula chake ni kuvu wenzake. Hujizungusha juu ya nyuzi za mwenziwe, huzitoboa na kuzinyonya. Basi mla chai naye ana mlaji wake.

Watu husema kuwa adui wa adui yangu ni rafiki yangu. Katika habari ya Trichoderma maneno hayo yaelekea kuwa ya kweli. Je, huwa ya kweli sikuzote? Swali hili si la mchezo, maana katika Afrika ya Mashariki lipo zao moja ambalo maisha yake yalitegemea jibu, na jibu lenyewe lilichukua zaidi ya miaka themanini kupatikana. Lakini kabla ya kufika shambani hatuna budi kushuka chini ya kuvu, hata kwa virusi, ambavyo jicho haliwezi kuviona. Kwa kuwa ni huko ambako kupe wa kupe ameonekana waziwazi kuliko mahali pengine pote.

Kirusi si mnyama wala si mmea. Ni barua ndani ya bahasha: barua ni maagizo yaliyoandikwa kwa kemikali ziitwazo DNA au RNA, na bahasha ni ganda la protini. Kikiwa peke yake hakili, hakikui, hakizai. Ni lazima kiingie katika seli ya kiumbe hai na kuifanya isome barua ngeni badala ya barua zake yenyewe.

Kijana wa Kericho ataelewa kusoma huko upesi akifikiri kiwanda cha chai. Tuseme kuwa ofisini mna buku kubwa la maagizo ambalo haliruhusiwi kutoka. Karani hunakili ukurasa unaohitajika, nakala hupelekwa kwa watu wa mashine, nao hutenda kama ilivyoandikwa. Buku ni DNA; kila agizo ndani yake ni jeni; nakala ni RNA; na kitu kinachotengenezwa ni protini. Wala kurasa zote hazinakiliwi kwa wakati mmoja. Majani mabichi hunyaushwa kwanza, kisha husagwa, huachwa yageuke rangi, hukaushwa, na mwisho huchambuliwa. Agizo la kukausha likitangulia lile la kunyausha, kazi yote imeharibika. Seli nayo ina zamu zake, na mbele ya kila jeni pana alama imwambiayo karani: soma hapa, na soma sasa. Kazi hii nzima ya kuchagua ukurasa, kuunakili na kuutekeleza ndiyo iitwayo udhihirisho wa jeni. Atakayeishika alama ile ya karani, asiiache, ameshika ufunguo wa mambo yote yafuatayo.

Tangu mwanzo virusi vilijulikana kwa udogo wao. Mwaka 1892 Mrusi mmoja, Dmitri Ivanovsky, alichuja maji ya tumbaku yenye ugonjwa kwa chujio la udongo wa kuchoma lililozuia bakteria wote, na maji yale yakaendelea kuambukiza. Kilichopita katika chujio kikaitwa kirusi. Kwa muda wa miaka mia moja mtu aliyeona kitu kikubwa hakuwa na sababu ya kukidhania kirusi.

Ndivyo ilivyokuwa mjini Bradford, Uingereza, mwaka 1992. Timothy Rowbotham alikuwa akitafuta chanzo cha ugonjwa wa mapafu, akapata ndani ya amiba za maji ya mnara wa kupozea kitu cha mviringo kilichoonekana kwa darubini ya kawaida. Kikahesabiwa kuwa bakteria, kikawekwa. Miaka 11 baadaye, mwaka 2003, Bernard La Scola, Didier Raoult na wenzao wa Marseille, Ufaransa, walitangaza kuwa bakteria huyo si bakteria. Ni kirusi, jitu la virusi. Wakakipa jina Mimi, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kumwiga bakteria. Msomaji wa Kiswahili ana ruhusa ya kutabasamu: jitu lilikaa kimya miaka mingi, na siku lilipoulizwa, "Nani wewe?" likajibu, "Mimi." Mwaka uliofuata barua yake ilisomwa yote, ikakutwa na herufi zipatazo milioni 1.2. Kirusi cha UKIMWI kina kama elfu kumi tu.

Nasi tusidhani kuwa ukoo huu ni wa Ulaya. Mwaka 1921 daktari wa mifugo R. Eustace Montgomery alieleza, kwa mara ya kwanza duniani, homa ya nguruwe ya Afrika, aliyoichunguza hapa hapa Kenya katika nguruwe wa walowezi. Kirusi chake hukaa kwa amani katika ngiri na katika papasi, kisha huua nguruwe wa kufugwa kwa siku chache. Ugonjwa wa mapele ya ngozi ya ng'ombe, ambao wafugaji wa Kenya waliuona mwaka 1957, nao una kirusi cha namna hiyo. Virusi hivi viwili ni vidogo kuliko Mimi, lakini wataalamu wa leo wameviweka vyote katika ukoo mmoja mkubwa.

Jitu la namna ya Mimi haliombi karani kwa mwenye nyumba. Hufika na makarani wake tayari ndani ya ganda. Likiingia katika amiba hujijengea kiwanda chake katikati ya seli, na humo husoma kurasa zake kwa zamu: kwanza zile za kujenga kiwanda, kisha zile za kunakili buku, na mwisho zile za kutengeneza maganda ya watoto wake. Baada ya saa chache amiba hupasuka, na majitu mamia hutoka.

Mwaka 2008 wachunguzi wale wa Marseille walikuwa wakilitazama jitu jingine, lililotoka katika mnara wa kupozea wa Paris, na kwa kuwa lilionekana kubwa kidogo kuliko Mimi waliliita Mama. Ndani ya kiwanda chake wakaona vijipunje vidogo mno, upana wa kila kimoja ukiwa kiasi cha nanometa 50, yaani pungufu ya nusu ya upana wa virusi vya UKIMWI, na kama sehemu ya nane ya ganda la jitu lenyewe. Wakavitenga, wakaviweka pamoja na amiba bila jitu. Hakuna kilichotokea. Wakaviweka na amiba pamoja na jitu, navyo vikazaana kwa wingi. Kwa Kirusi neno sputnik lina maana ya msafiri mwenza, nalo ndilo jina la chombo kilichorushwa kuizunguka dunia mwaka 1957. Wakakiita kile kitu Sputnik, na aina yake wakaiita virofaji, yaani kilacho virusi.

Barua ya Sputnik ina herufi 18,343 na jeni 21, lakini haina karani. Mbele ya jeni zake pana alama, na alama hiyo ni ile ile ya jeni za zamu ya mwisho za jitu. Hapo ndipo penye siri yote. Mfano wake ni mtu asiye na kiwanda, ambaye hupitisha magunia yake ya majani katika mlango wa kiwanda cha mwingine usiku, na juu ya kila gunia amepiga chapa ya mwenye kiwanda. Karani haulizi. Akiona chapa hunakili. Na kila nakala ya Sputnik anayoiandika ni wakati alioutoa katika kazi ya bwana wake.

Si ajabu basi kwamba madhara huonekana katika kazi ya zamu ya mwisho, ujenzi wa maganda. Jitu lililoingiliwa na Sputnik hutoa watoto wenye maganda yaliyopinda, au yenye tabaka nene upande mmoja, wasioweza kuambukiza. Katika majaribio ya mwaka 2008 majitu yenye uwezo wa kuambukiza yalipungua kwa kiasi cha asilimia 70, na amiba zilizopasuka baada ya siku moja zilipungua mara tatu. Virofaji hakikufuta hata herufi moja katika buku la jitu. Kilisongamanisha makarani tu.

Kingine, kilichotangazwa mwaka 2011 na Matthias Fischer na Curtis Suttle, kilionyesha werevu wa kupita huo. Chaitwa Mavirus, na jitu lake huishi katika kiumbe kidogo cha baharini chenye seli moja. Alama za jeni zake nazo zafanana na zile za zamu ya mwisho ya jitu lake. Lakini Mavirus huweza pia kujipachika ndani ya buku la seli yenyewe na kukaa humo kizazi baada ya kizazi, bila kudhuru, bila kusomwa, kwa sababu makarani wa seli hawaitambui chapa ile. Siku jitu lijapo, makarani wa jitu huitambua. Mwaka 2016 Fischer na Thomas Hackl walieleza kinachofuata: seli iliyoshambuliwa haiokoki, hufa, ila katika kupasuka kwake hutoa Mavirus wengi, na hao huwazuia majitu wasiwamalize jamaa za marehemu. Nimesoma habari hiyo mara nyingi na bado huniletea kicho. Ni kama mzee aliyezika silaha chini ya sakafu ya nyumba, na kufuli yake hufunguka kwa mkono wa mwizi tu.

Si wote walio wakali. Mwaka 2014 kilitangazwa virofaji kutoka udongo wa Tunisia, kikaitwa Zamilon, kutokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mwenzi. Hicho huishi katika kiwanda cha jitu lake bila kulidhuru sana. Wala wataalamu wenyewe hawakukubaliana juu ya jina virofaji. Wako waliosema, mwaka 2011, kuwa hakuna kitu kipya hapa: kwa miaka mingi wachunguzi wa mimea wamejua virusi vidogo vitegemeavyo virusi vikubwa, na jina lao lipo, setilaiti. Ubishi huo haujatunufaisha kitu ila hiki kimoja, kwamba unatutoa kwenye amiba na kuturudisha mashambani kwetu.

Tuteremke basi kutoka vilima vya chai. Barabara ikishuka upande wa magharibi hewa huwa nzito na yenye joto, chai hukoma, na mtu hufika Sondu, penye soko ambapo Wakipsigis na Wajaluo wamekutana kuuziana vitu tangu zamani. Humo njugu karanga hupimwa kwa kopo. Mchuma chai anayelipwa mwisho wa mwezi huzinunua kwa sababu ni chakula chenye mafuta na nguvu kisichohitaji friji wala kupikwa sana. Na anayeziuza mara nyingi ni mama aliyezilima mwenyewe kwa jembe la mkono, katika shamba dogo, pasipo dawa. Fedha zake ndizo daftari na karo ya watoto.

Adui mkubwa wa zao hilo katika Afrika nzima kusini ya Sahara huitwa rozeti. Mmea ulioshikwa hudumaa, vifundo vyake hukaribiana, majani hujikusanya kama ua lililofumbata, mara nyingi yakiwa ya manjano. Ukishikwa kabla ya kutoa maua, siku ya kuvuna hung'olewa bila ganda hata moja. Mwaka 1975 rozeti iliharibu kiasi cha hekta 700,000 za njugu katika Nigeria ya Kaskazini, na katika miaka ya 1990 iliwatia njaa na deni wakulima wa Malawi na wa mashariki ya Zambia.

Habari ya kwanza iliyoandikwa juu ya ugonjwa huo ni ya Afrika ya Mashariki. Aliyeiandika ni Mjerumani Albrecht Zimmermann, mwaka 1907, wa chuo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara, kilichofunguliwa mwaka 1902. Aliueleza ugonjwa, chanzo hakukijua. Mwaka 1928 H. H. Storey na A. M. Bottomley walichapisha kazi yao ya Afrika Kusini iliyoonyesha kuwa unachukuliwa na vidukari, wale wadudu weusi wadogo wanaokaa makundi makundi chini ya majani. Mwaka huo huo Storey akaja Amani.

Katikati ya kazi hiyo ya kimya palipita kelele kubwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wake wa njugu katika Tanganyika, Kongwa kwanza, kisha Urambo na Nachingwea, kwa nia ya kulima zaidi ya ekari milioni 3. Ulivunjwa mwaka 1951, na pauni milioni 36 hivi zilikuwa zimepotea. Watu wengine husingizia rozeti. Si haki. Kilichouangusha mpango ule ni ukame, udongo ulioganda kama saruji, matrekta chakavu na haraka ya wakubwa. Rozeti haikupata hata nafasi ya kuonyesha nguvu zake.

Storey hakuacha. Kazi ya Amani ilipohamishiwa Muguga, karibu na Nairobi, yeye na A. K. Ryland walichapisha huko uchunguzi wa rozeti mwaka 1955 na tena 1957. Jambo lililowasumbua watu wa wakati ule ni kwamba ugonjwa huu ulikuwa na tabia mbili zisizolingana. Wakiuchukua utomvu na kuupaka katika mmea mzima, mmea uliugua. Lakini vidukari waliowekwa juu ya mmea huo mgonjwa hawakuweza kuupeleka mbele. Kilichopatikana kwa mkono kilikuwa kimepoteza kitu fulani. Mwaka 1968 Roger Hull na A. N. Adams walikitaja kitu hicho: ni kirusi cha pili, kilicho kimya, kisichoonyesha dalili za rozeti, lakini ambacho pasipo hicho kidukari hana la kubeba. Wakakiita kirusi msaidizi. Chenyewe chajua kujitengenezea ganda. Kirusi cha rozeti, chenye herufi kama 4,000, hakina agizo la ganda hata moja. Huazima koti la msaidizi na kupanda kidukari humo.

Hapo wengi walidhani hesabu imekwisha. Haikuwa imekwisha. Mwaka 1988 A. F. Murant na wenzake wa Scotland walitangaza kuwa ndani ya mimea yenye rozeti mna kitu cha tatu, kipande cha RNA cha herufi 900 tu au pungufu kidogo, kisichoweza kujinakili. Hutegemea makarani wa kirusi cha rozeti, kama vile Sputnik hutegemea makarani wa Mama. Ni setilaiti. Wakatenga kirusi cha rozeti bila setilaiti yake, wakakitia katika njugu. Kikazaana ndani ya mmea, na mmea ukabaki karibu kama mzima. Wakairudisha setilaiti. Majani yakageuka manjano, mmea ukadumaa.

Nakuomba, msomaji, usimame hapa kidogo. Ugonjwa uliopewa jina na Zimmermann, uliowahangaisha watu wa Amani na Muguga, uliofagia hekta laki saba za Nigeria, kwa sehemu kubwa sana si kazi ya kirusi cha rozeti. Ni kazi ya kupe wake. Yule adui wa adui, ambaye katika amiba alikuwa mlinzi, katika njugu ndiye muuaji. Na mambo yao yamefungamana vibaya zaidi ya hapo, maana mwaka 1999 ilidhihirika kuwa pasipo setilaiti RNA ya kirusi cha rozeti haivikwi koti la msaidizi, na hivyo haiwezi kusafiri. Kirusi hakiwezi kumfukuza mgeni wake. Akiondoka, safari nayo imekwisha. Hao watatu wameshikana ukosi, na hakuna awezaye kumwachia mwenziwe.

Setilaiti hii yafanyaje kazi yake? Sputnik huleta jeni zake zisomwe, na kutokana nazo hupata protini. Setilaiti ya rozeti haifanyi hivyo. Mwaka 1997 Michael Taliansky na D. J. Robinson walionyesha kuwa hata maagizo ya protini yaliyomo ndani yake yakivurugwa, dalili za ugonjwa hutokea vile vile. Ni RNA yenyewe itendayo, si kitu kilichoandikwa ndani yake. Namna jambo hilo liwezekanavyo ilifafanuliwa vizuri mwaka 2011 katika setilaiti nyingine, ile ya kirusi cha batobato ya matango, na watu wa Japani na wa Australia, kila kundi kivyake. Seli ya mmea hujilinda kwa kukatakata RNA ngeni vipande vifupi, kisha hutumia kila kipande kama picha ya mhalifu: nakala yoyote ifananayo nacho hukamatwa na kuharibiwa. Sasa katika setilaiti ile mlikuwa na herufi 22 zilinganazo na sehemu ya jeni ya tumbaku inayosaidia kutengeneza rangi ya kijani. Mmea ulipomkata adui ulijipatia picha ya mtu wa nyumbani, ukamsaka na kumwangamiza. Jani likawa manjano kwa mkono wake lenyewe.

Lakini hata katika ukoo wa setilaiti ya rozeti hawafanani. Imepatikana moja kutoka Malawi iliyo pole. Hiyo hushindana na kirusi cha rozeti kwa makarani hata kirusi chenyewe hupungua sana, na dalili huwa hafifu. Taliansky, Robinson na wenzao walipoitia katika mimea ya jamii ya tumbaku, mimea hiyo ilistahimili rozeti. Hapa tumekutana na Sputnik tena, akiwa amevaa nguo za njugu. Tofauti kati ya muuaji na mlinzi ni herufi chache ndani ya mia tisa.

Mwanadamu naye hakusahauliwa. Mwaka 1977 Mario Rizzetto wa Turin, Italia, aligundua katika wagonjwa wa homa ya ini ya namna B kitu alichokiita delta, kisichoweza kutoka katika seli bila kuazima ganda la kirusi cha B. Delta hukikandamiza kirusi cha B, hukipunguza kabisa damuni. Na ini la mgonjwa huharibika upesi zaidi. Daktari atazamaye hesabu ya B peke yake angemwambia mgonjwa kuwa anapona.

Wakulima hawakungoja elimu hii yote ndipo wapigane. Tangu zamani ilionekana kuwa njugu zilizopandwa mapema, mvua za kwanza, na kwa kubanana, hupona kuliko zile zilizochelewa na kuachiana nafasi, kwa kuwa vidukari hupenda kutua mahali ambapo udongo waonekana kati ya miche. Shauri hilo halina gharama ya fedha, ingawa lina gharama nyingine: mama mwenye jembe moja na mashamba mawili hana budi kupanda mahindi kwanza, na njugu hungoja. Mtaalamu aandikaye kwamba mkulima "hafuati maagizo" angefaa ashike jembe hilo wiki moja ya mwezi wa Machi.

Msaada mkubwa ulitoka katika mbegu. Mwaka 1952 ziligunduliwa katika Afrika ya Magharibi njugu za kienyeji, zilizotunzwa na wakulima wa mpakani mwa nchi ziitwazo leo Burkina Faso na Kodivaa, ambazo hazikushikwa na rozeti. Kutokana na damu ya namna hiyo vituo vya utafiti vimezalisha aina mpya, na kituo cha Serere, mashariki ya Uganda, kimetoa zile ziitwazo Serenut, ambazo baadhi yake husimama wima mahali ambapo njugu nyingine zimekwisha. Ulinzi wao ni dhidi ya kirusi cha rozeti, na kikizuiwa hicho setilaiti haina karani wa kumwibia. Kirusi msaidizi hawakizuii. Vidukari bado hutua juu ya majani yao asubuhi, hunyonya, na kumwaga msaidizi ndani ya mmea. Naye huweza kupunguza ukuaji wake kidogo. Huzaana humo, hushona makoti yake kama kawaida, na kidukari akiruka huondoka nayo, nayo hayana mgeni ndani.